Franga ya Leta Ikitembea, Hesabu Itembee Nayo

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi, katika ukumbi wa parokia moja ya komini ya Katuba, mbele ya viongozi wa mashirika, kamati za wazazi, walimu na wakaaji wa kartye. Tumeiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wapapa na wamama, vijana, bwana burugumestre, wachungaji na mapadri, mashefu wa kartye, waheshimiwa madeputeti wawili wa jimbo mliokubali kuketi nasi mchana huu: jambo yenu wote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mashirika ya binafsi yanayopokea fedha ya umma, fedha ya Leta, yaani ya serikali yetu. Nina jambo moja tu la kusema, na nitalirudia: franga ya Leta ikitembea, hesabu itembee nayo. Ikitoka Kinshasa ikafika jimboni, hesabu ifike. Ikitoka jimboni ikaingia kwenye konti ya ASBL, shirika lisilotafuta faida, hesabu iingie. Ikitoka kwa ASBL ikaenda kwa mchimba kisima, hesabu imfuate mpaka kwenye kisima.

Kwanza tuulizane: hii ni fedha ya nani?

Tangu zamani Leta yetu haina mikono ya kutosha, kwa hiyo inaazima mikono ya wengine. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mkataba na makanisa, ikawapa usimamizi wa shule. Mpaka leo, watoto wengi wa ukumbi huu wanasoma kwenye shule ya padri, ya mchungaji, ya Wakimbangu. Jengo ni la kanisa, prefe, mkuu wa shule, amependekezwa na kanisa. Mwalimu analipwa na nani? Analipwa na Leta. Na Leta inatoa wapi? Inatoa kwa mama anayeuza mboga kwenye soko la komini ya Kenya na kulipia meza yake kila siku. Inatoa kwa dereva wa teksi. Inatoa kwa shaba inayopita hapa kwenye malori usiku na mchana kuelekea mpakani Kasumbalesa. Vivyo hivyo kwa zahanati za makanisa, kwa mashirika ya kulea yatima, kwa koperative za wakulima wanaopewa mbegu na mbolea, kwa kompani inayopewa fedha ya kulima shamba la taifa.

Basi kiongozi wa shirika akiniambia, «Sisi ni watu binafsi, hesabu zetu hazikuhusu», ninamjibu kwa heshima: papa, jina la shirika ni lako. Ofisi ni yako. Statuti ni zenu, mliziandika ninyi. Fedha uliyopokea kutoka Leta siyo yako. Umeishika kwa niaba yetu, kwa kazi iliyotajwa, kwa muda uliotajwa. Sadaka ya Jumapili na michango ya washiriki wenu sitaigusa. Hiyo mtaulizana wenyewe. Lakini hii nyingine, mwenye haki ya kuiuliza ni hata yule mama wa mboga.

Na sisi watu wa Lubumbashi desturi hii tunayo tayari. Kilio kinapotokea kwenye parseli, siku ileile meza inawekwa karibu na mlango, na mtu anayeaminika anakaa na daftari. Anaandika: fulani, franga elfu 10; fulani, gunia la unga; kartye, franga kiasi fulani. Siku ya kuvunja kilio daftari linasomwa mbele ya wote: zilizoingia ni hizi, jeneza ni hizi, gari ni hizi, chakula ni hizi, zilizobaki amekabidhiwa mjane. Nani amewahi kuona familia ikikasirika kwa sababu daftari limesomwa? Familia inayokataa kusoma daftari ndiyo watu wanaondoka wakiisema njiani. Ikiwa tunasoma hesabu ya jeneza mbele ya mtu mwenye machozi, kwa nini tushindwe kusoma hesabu ya kisima mbele ya watu wenye kiu?

Nimetaja kisima. Nikae hapo kidogo.

Upande wa komini Annexe kuna kartye ambayo REGIDESO, kompani ya maji ya Leta, haijafika. Sitaitaja, wala sitalitaja shirika, kwa sababu kiongozi wake ni mzee mwenye heshima. Shirika lake lilipata fedha ya umma ya kuchimba foraji, kisima kirefu cha mashine, yenye pampu ya jua. Foraji ikachimbwa, maji yakatoka, watu wakacheza. Palisimamishwa kibao kizuri: jina la mradi, alama za wafadhili, rangi tatu za bendera. Kwenye kibao hapakuwa na kiasi cha fedha. Hapakuwa na jina la kompani iliyochimba. Hapakuwa na kina cha kisima, wala aina ya pampu, wala muda wa garanti. Kamati ya wamama ilipouliza, iliambiwa mkataba ni siri kati ya shirika na mfadhili.

Mnajua kiangazi chetu. Kiangazi cha pili, mwezi wa tisa, vumbi limejaa hewani, pampu ikanyamaza. Wamama wakamwita fundi. Fundi akauliza: kisima kina mita ngapi? Hakuna aliyejua. Pampu ya nguvu gani? Hakuna aliyejua. Nani alichimba? Wengine walikumbuka rangi ya gari. Karatasi zote zilikuwa kwa mtunza hesabu, naye alikuwa amehamia mji mwingine na simu yake haipatikani. Kwa wiki nyingi wamama wa pale walirudi kununua maji kwa bido, yaani kwa madumu, watoto wakachelewa masomo wakipanga foleni. Karatasi zilipoonekana mwishoni, tulisoma kwamba kompani ilikuwa imetoa garanti, na garanti ilikuwa imekufa miezi michache tu kabla.

Kartye yote ilikuwa imeshaamua: mzee amekula fedha. Wapapa na wamama, niliombwa kupitia hesabu zake, nami nilizipitia. Kila franga ilikuwa na risiti yake. Kila franga! Mzee yule hakula kitu. Alichokifanya ni kufunga karatasi kwenye sanduku, akidhani ndivyo mtu mwaminifu anavyofanya. Akapoteza maji, akapoteza na jina lake. Sasa akipita, vijana wanamsema mgongoni, na hakuna risiti itakayomrudishia heshima yake, kwa sababu hakuna aliyeiona kwa wakati wake.

Ndiyo maana ninakataa maneno ya wale wanaosema kwamba kuomba hesabu ni kumshitaki mtu. Hesabu iliyo wazi inamlinda kwanza yule asiyeiba. Mwizi hana haja nayo, mwaminifu anayo.

Tupande sasa kwenye mambo makubwa zaidi. Wengi mnajua Bukanga-Lonzo, ule mradi wa shamba kubwa kule Kwango, uliozinduliwa mwaka 2014. Leta ilishirikiana na kompani ya binafsi kutoka Afrika Kusini. Tuliahidiwa mahindi ya kulisha Kinshasa, soko, kiwanda. Mwaka 2017 shamba lilikuwa limesimama. Mwaka 2020 Inspeksheni Kuu ya Fedha, IGF, ilisema kwamba Leta ilitoa dola zaidi ya milioni 280, na kwamba zaidi ya milioni 200 zilipotea. Mwezi wa tano 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani, Augustin Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi za kulazimishwa, naye siku zote amekana kosa. Pamoja naye walihukumiwa gavana wa zamani wa Benki Kuu na mkuu wa ile kompani.

Hukumu waachieni mahakimu. Mimi siyo hakimu. Ninauliza swali moja. Toka uzinduzi hadi hukumu ni miaka 11. Katika miaka ile, mkulima wa pale Kwango angeweza kwenda wapi kusoma kwamba mwezi huu kompani imelipwa kiasi hiki, kwa trakta hizi, zilizonunuliwa kwa nani? Trakta ambayo haipo shambani, wa kwanza kujua haipo ni mtu wa pale pale. Hahitaji diploma. Anahitaji karatasi inayomwambia kwamba ilitakiwa iwepo. IGF inakuja baada ya miaka. Hakimu anakuja baada ya IGF. Jirani yupo kila asubuhi.

Je, jirani anaweza kubadilisha kitu kweli? Tusafiri mpaka Uganda.

Miaka ya tisini, serikali ya Uganda ilikuwa inatuma fedha ya uendeshaji kwa shule za msingi, kiasi fulani kwa kila mtoto. Kwenye vitabu vya wizara, fedha ilitoka. Wachumi wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, wakafuatilia safari yake hadi mlangoni mwa shule. Wakakuta kwamba kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotumwa, kwa wastani shilingi 13 tu ndizo zilizofika. Shule nyingi hazikupata hata moja. Na jambo la kuumiza zaidi: walimu wakuu na wazazi wengi hawakujua kwamba kuna fedha waliyotakiwa kuipata. Huwezi kudai usichokijua.

Serikali ilifanya nini? Ilianza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na kuziagiza shule zibandike kwenye mbao zao kiasi kilichopokelewa. Karatasi na gundi. Kufikia 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Kuna wataalamu waliosema baadaye kwamba gazeti peke yake halikufanya kazi yote, kwamba kulikuwa na mageuzi mengine wakati uleule, na ninawaamini. Lakini mzazi anayesoma namba ukutani, akaenda kumwuliza mwalimu mkuu, hilo ni jambo ambalo hakuna mageuzi ya Kampala yanaweza kulifanya badala yake.

Hapa kwetu, tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, ni shule ngapi za komini hii zimebandika kiasi cha fedha ya uendeshaji zilichopokea? Walimu mko hapa. Wazazi mko hapa. Ulizaneni mkitoka nje.

Sasa sheria. Nitapita haraka kwa nchi za wenzetu, kisha nitarudi nyumbani, maana nyumbani ndipo penye uzito.

Nchi ya Kenya, katiba yao ya 2010 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu binafsi zikiwa zinahitajika kulinda haki yake. Sheria yao ya 2016 inayagusa waziwazi mashirika binafsi yanayotumia fedha ya umma. Tanzania ilitunga yake mwaka huohuo, nayo inayagusa. Nigeria ilitangulia mwaka 2011. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Wafaransa, ambao sheria zetu zinafanana nao kwa mengi, wana utaratibu ninaoupenda. Tangu sheria ya tarehe 12 Aprili 2000, shirika likipewa zaidi ya euro 23,000 za umma kwa mwaka, lazima kuwe na mkataba wa maandishi unaotaja lengo, kiasi na masharti. Fedha iliyotolewa kwa kazi maalumu lazima ifuatwe na rapoti ya matumizi. Likipita euro 153,000, lazima lichapishe hesabu zake zilizokaguliwa. Na hapa ndipo ninapowaomba msikilize vizuri: bajeti ya shirika, hesabu zake, mkataba na ile rapoti lazima apewe mtu yeyote anayeviomba. Mtu yeyote! Haulizwi wewe ni nani, unatoka wapi, nani amekutuma.

Marekani, mwaka 2006, maseneta wawili wa vyama vinavyopingana, Tom Coburn na Barack Obama, walipitisha pamoja sheria inayotaka misaada na mikataba ya serikali kuu iwekwe kwenye intaneti, kila mmoja aone nani amepewa kiasi gani. Na sheria hiyo haiishii kwa shirika la kwanza. Shirika la kwanza likilipa shirika la pili sehemu ya fedha, la pili nalo linaandikwa. Mmenielewa kwa nini ninalitaja? Kwa sababu sisi hapa karibu siku zote ni wa pili, wa tatu, wa nne. Fedha inapita kwa shirika kubwa lenye ofisi Gombe kule Kinshasa, inapita kwa shirika la jimbo, inashuka kwa ASBL ya kartye, na kila mlango unabaki na kitu kwa ajili ya ofisi, gari, mshahara. Labda kila kilichobaki ni halali. Lakini mama wa kartye anaona franga ya mwisho tu, halafu anailaumu ASBL ndogo, iliyo mbele ya macho yake, kwa vitu ambavyo haikuvipokea kamwe. ASBL ndogo ndizo zenye faida kubwa zaidi mnyororo wote ukiwa wazi.

Turudi nyumbani. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Sheria ya ASBL, ile namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001, inatuambia shirika linazaliwa vipi na linapata wapi nafsi ya kisheria. Statuti zenu zinasema mkutano mkuu unapitisha hesabu kila mwaka. Haya yote ni mazuri. Lakini rapoti inapanda juu. Inaenda kwa mfadhili, inaenda kwa wizara, inaenda Kinshasa, kwa Kifaransa. Kushuka chini, kwa yule ambaye kazi ilifanyika kwa jina lake, haishuki.

Na bado nchi hii inajua kufanya uwazi ikitaka. Tarehe 20 Mei 2011 ilitoka dekreti, namba 011/26, inayolazimisha kila mkataba wa maliasili utangazwe ndani ya siku 60. Mikataba ya madini! Ile iliyokuwa inalala kwenye masanduku ya chuma, leo mtoto wa chuo kikuu pale Kasapa anaweza kuisoma kwenye simu yake. Utekelezaji una mapengo, lakini kanuni ipo, na nchi haikuanguka. Basi niulize: ikiwa mkataba wa kobalti unaweza kutangazwa ndani ya siku 60, mkataba wa foraji una siri gani? Mkataba wa paa la shule una siri gani?

Kuna fedha nyingine inayotuhusu sisi watu wa Katanga kuliko wengine wote. Sheria ya migodi, Code minier, ilirekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018. Inaitaka kila kompani inayochimba itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Inaonekana kidogo, sivyo? Fanyeni hesabu nami. Kompani ikiuza kwa dola milioni 100, ni dola laki tatu. Ikiuza kwa bilioni moja, ni dola milioni tatu, kwa mwaka mmoja. Fedha hiyo inasimamiwa na chombo maalumu ambamo kompani inakaa pamoja na wawakilishi wa jamii.

Wengine watasema: hiyo ni fedha ya kompani, siyo ya umma. Hapana. Kompani haikuitoa kwa huruma. Sheria ya nchi ndiyo iliyoitoa, kwa ajili ya shimo lililochimbwa kwenye ardhi ya nchi. Ninyi mnaotoka upande wa migodi, mnaoishi na lile vumbi, mna haki ya kujua kompani yenu imetangaza mauzo ya kiasi gani, asilimia 0.3 yake ni kiasi gani, na soko lililojengwa limegharimu kiasi gani kwa mita moja. Na mwakilishi wenu mliyemtuma kwenye chombo kile, akirudi kijijini, aketi chini ya mti asome hesabu. Anayekuja na kofia mpya ya kompani bila hesabu, msimtume tena.

Sasa nifike kwenye pingamizi, maana nimezisikia na nyingine ni za kweli. Nisingependa mtoke hapa mkidhani uwazi hauna gharama.

Papa mmoja kiongozi wa shirika aliniambia kwa uchungu: «Nikibandika ukutani kwamba nimepokea dola 40,000, kesho asubuhi nitaamka nakuta huduma za Leta zimepanga foleni mlangoni, kila moja na karatasi ya kodi yake. Mwenye nyumba atapandisha kodi ya ofisi. Na usiku watakuja wenye silaha.» Hakuna mtu wa Lubumbashi atakayecheka maneno hayo. Tunaujua mji wetu. Tunajua maana ya kusumbuliwa, na tunajua usiku wa baadhi ya kartye unavyokuwa.

Nilifikiri sana juu ya maneno yake. Nikamwuliza: papa, hivi sasa nani anajua kwamba umepokea 40,000? Karani wa benki anajua. Ofisi ya jimbo iliyotia sahihi inajua. Ndugu wa karani anajua. Wale wa huduma, unadhani hawajui? Anayeweza kukusumbua ameshajua. Aliyeachwa gizani ni jirani peke yake, na jirani ndiye ambaye angesimama mlangoni kwako kukutetea, angejua kwamba 31,000 zimekwenda moja kwa moja benki kwa kompani ya ujenzi na ofisini hamna kitu cha kuiba. Tena, weka mstari kwenye hesabu: malipo kwa huduma za Leta, kwa jina la huduma, tarehe na namba ya risiti. Anayedai bila risiti ataanza kusita akijua mstari wake utasomwa hadharani.

Hata hivyo, ninakubali. Fedha taslimu inaposafirishwa kwenda kwenye barabara yenye hatari, usitangaze siku wala njia. Tangaza kazi ikishalipwa. Kuchelewa miezi miwili kwa sababu ya usalama si kuficha.

Pingamizi la pili ni la watu walio dhaifu. Mashirika mengine yanahudumia wamama waliobakwa vitani, wagonjwa wa ukimwi, ndugu zetu waliokimbia Kivu. Majina yao yasibandikwe mahali popote. Kamwe! Andika: watu 60, katika komini hii, kila mmoja amepata blanketi mbili na kiasi hiki cha fedha. Inatosha. Na mishahara: andika kazi na kiwango, hakuna haja ya kumtaja mlinzi kwa jina lake. Ila kuna jina moja ambalo lazima liandikwe: la kompani au mtu aliyeuza vitu kwa shirika, na kama ni shemeji wa rais wa shirika, hilo nalo liandikwe. Shemeji anaweza kuwa fundi mzuri kabisa. Tuambiwe tu.

La tatu, udogo. Kikundi cha wamama wa likelemba, wanaochangiana fedha kwa zamu, kilichopewa dola 800 za cherehani hakiwezi kumlipa mkaguzi wa hesabu. Kukilazimisha ni kukiua. Wenzetu wameliona hilo: Wafaransa wana zile ngazi mbili nilizotaja, Wamarekani mwaka 2024 walipandisha kiwango cha ukaguzi kamili kutoka matumizi ya dola 750,000 hadi milioni moja kwa mwaka. Mdogo aandike ukurasa mmoja kwa mkono, aubandike, ausome. Mkubwa akaguliwe. Wote waonyeshe.

Na lugha! Nimeona rapoti nzuri sana, kurasa 80, Kifaransa cha juu, michoro ya rangi. Mama wa kisima hakusoma hata ukurasa mmoja. Ukurasa wa hesabu uwe kwa Kiswahili, na kwenye vijiji vya Wabemba na Walamba na Wasanga uwe kwa lugha zao. Usomwe kwenye redio za jamii. Usomwe kanisani baada ya matangazo. Kusoma kwa sauti, kwa nchi ambayo bibi zetu wengi hawakupelekwa shule, ndiko kuchapisha kwa kweli.

Waheshimiwa madeputeti, sasa ninawageukia ninyi. Bunge la jimbo lina uwezo wa kutunga edi, yaani sheria ya jimbo. Hatuhitaji kusubiri Kinshasa kwa fedha inayotoka kwenye bajeti ya jimbo letu wenyewe. Mashirika kadhaa ya komini za Katuba, Kenya na Ruashi tulikaa pamoja tukaandika pendekezo. Linasema kila shirika au kompani ya binafsi inayopokea fedha ya jimbo itie sahihi mkataba wa maandishi, na mkataba huo utangazwe ndani ya siku 60, kama ile ya madini. Linasema kwenye kila kazi pawe na kibao chenye kiasi, jina la mjenzi, tarehe ya kumaliza na mwisho wa garanti. Linasema aliyepokea akigawa kwa mwingine, yule mwingine anabeba wajibu uleule. Linasema mkaaji yeyote akiomba kuona hesabu apewe ndani ya siku 15, bila kulipa, bila kujieleza. Asiyetimiza hapati fedha ya mwaka unaofuata mpaka atimize. Hatukuandika kifungo, kwa sababu mtunza hesabu mzembe hahitaji gereza, anahitaji kufunguliwa sanduku lake. Na linasema ofisi ya jimbo nayo itangaze orodha ya iliowapa, ili sisi tulinganishe karatasi mbili. Upande mmoja ukionyesha peke yake, hakuna wa kuupima.

Mtatuambia baadhi ya vifungu havijakaa vizuri kisheria. Virekebisheni. Siku 60 mkiziona chache, tubishane. Lakini msilirudishe kwenye droo.

Ninyi viongozi wa ASBL, kwa leo msisubiri edi. Hapo mlangoni, kwenye meza ya kushoto, kuna karatasi yenye sehemu za kujaza: fedha iliyoingia, iliyotoka wapi, kwa kazi gani, nani amelipwa, kiasi gani kimebaki, garanti inaisha lini. Mashirika matatu tayari yamejaza zao za mwaka jana na kuzibandika ukutani nyuma yenu. Wenyewe wamesimama pale na madaftari yao, wako tayari kuulizwa, nami ninawashukuru kwa moyo wote, maana kusimama pale si jambo jepesi.

Waheshimiwa, pendekezo ni hili hapa, kurasa nne. Ninawakabidhi mbele ya wote. Mama yule wa kitenge cha bluu ameinua mkono tangu niliposema habari ya shule. Mama, mikrofoni inakuja.